Asali Niliyomfungia Shamimu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita mliniacha mapokezini nimeshika kalamu, na Shamimu amesimama mbele yangu na begi lake la magurudumu, anaomba chumba cha siku moja. Wengi mmenitumia ujumbe mkisema nimfukuze. Sikumfukuza. Laiti ningemfukuza.

Kwa aliyezikosa sehemu za nyuma: mimi ni Janeth, mzaliwa wa Dindira. Mimi, Frank Mdoe na Shamimu wa Mazingara tulisoma chuo kimoja cha hoteli, darasa moja. Walipokuja watu wa meli za watalii kutafuta wafanyakazi, tuliingia kwenye usaili wote watatu. Mimi niliulizwa jina langu, nikaanza kulia. Wakawachukua wenzangu. Nikarudi Korogwe kukaa mapokezi ya gesti, na wao wakaenda kuizunguka dunia.

Frank ni mchumba wangu. Barua yake ya posa iko kwa baba mdogo Simeo tangu mwaka jana, maana baba yangu alishafariki. Kwa hiyo mimi nilikuwa na barua, na Shamimu alikuwa na Frank. Kila siku, kwenye meli moja, wakila meza moja.

"Chumba namba nne," nikamwambia. "Kina feni."

"Shoga yangu, hata hali huniulizi?" Akazunguka kaunta akanikumbatia. "Umenenepa! Frank ameniambia nikutazame vizuri, nikampe habari zote."

Alinukia vizuri. Niliyajua manukato yale, kwa sababu Frank aliniletea kichupa chake likizo iliyopita. Nikabaki nimeshikwa mabegani, najiuliza dukani alinunua kimoja au viwili.

"Unarudi lini melini?" nikauliza.

"Kesho. Basi la alfajiri mpaka Dar, jioni tunapanda. Hebu nisaidie begi, lina uzito. Baba amenijazia asali."

Chumbani akalifungua. Juu ya nguo kulikuwa na madumu mawili madogo, yamefungwa kwa mifuko. Moja lilikuwa limebandikwa karatasi yenye jina lake. La pili lilikuwa limeandikwa FRANK.

"Nyuki wadogo hawa," akasema. "Baba amekamua kwa mkono wake. Unaona ilivyo nyepesi, kama maji? Frank bila asali hanywi chai."

"Mimi humwekea sukari vijiko viwili."

"Ah, hiyo ilikuwa zamani."

Alisema bila ubaya, anatafuta kanga yake kwenye begi. Lakini mimi nilisikia kama mtu amenivua kiatu barabarani.

* * *

Sasa niwaeleze kuhusu pombe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kwenye ukoo wetu barua ya posa haijibiwi kwa maneno. Wazee wa msichana hupika pombe ya miwa wakamtumia mchumba popote alipo. Akiinywa, amekubaliwa. Isipomfikia, barua hurudishwa kwao na hakuna wa kulaumiwa. Mchumba wa shangazi yangu alipelekewa yake kwenye mashamba ya mkonge, akainywa palepale, panga mkononi.

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, baba mdogo aliniamuru nimpigie Frank simu nikiwa kwake, niweke spika.

"Shikamoo mzee," Frank alisema.

"Marahaba. Pombe yako naipika. Nikutumie wapi?"

"Mzee, huku haipandi. Mfanyakazi akikutwa na pombe anateremshwa, kazi imekwisha."

"Meli yenu haina baa?"

"Zipo kumi na mbili, mzee."

"Baa kumi na mbili, halafu pombe imekatazwa?"

"Ya kuja nayo ndiyo imekatazwa. Wanataka mtu anunue ya kwao."

"Hata Mzungu?"

"Mwenye tiketi anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo siku ya kupanda. Zaidi ya hiyo wanaichukua, wanaibandika namba ya chumba chake, anarudishiwa siku ya kushuka."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Watu wazima wanashikiwa pombe zao kama watoto wa bweni!"

Frank naye akanogewa. Akasimulia jinsi abiria wanavyoficha. Bibi mmoja alitia pombe kali kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia, akaitia rangi ya kijani. Mzee mwingine alipanda na darubini shingoni, kumbe ndani hamna kioo hata kimoja, ni pombe tupu. Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nasikiliza.

"Basi na wewe tafuta darubini," baba mdogo akamaliza. "Masika yakiisha na hujanywa, barua inarudi kwenu Mpale. Kuna watu wengine wanauliza habari za binti huyu."

Na siku mbili kabla Shamimu hajafika gesti, dumu la pombe liliteremka kutoka Dindira kwenye gari la mboga. Mdomoni lilikuwa limezibwa kwa jani la mgomba, na kikaratasi cha baba mdogo kimefungwa kwa kamba: *Mfikishie. Usikaze.*

Pombe ya miwa ikiwa changa bado inafanya kazi. Inapumua. Mtoto yeyote wa Dindira anajua kwamba dumu lake halikazwi kifuniko.

* * *

Nilimwomba Shamimu. Nataka hilo lieleweke. Nilianza kwa kuomba.

"Shamimu, kuna kitu ningependa umfikishie Frank."

"Sema tu."

"Pombe ya nyumbani. Kidogo tu."

Akaacha kukunja nguo. "Janeth, unanijua. Mimi kikombe kilichonywewa pombe sikitumii. Na pale bandarini wanapitisha kila begi kwenye mashine. Wakinikuta nayo nimekwisha, na nina wadogo zangu wawili shuleni."

"Ni ya posa."

"Najua. Frank ameniambia."

Ameniambia. Nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Usiwe na wasiwasi," akaendelea, sauti laini kama anabembeleza mtoto. "Amesema atakuja kuongea na mzee taratibu, likizo ya mwezi wa kumi na moja. Ninyi watu wa milimani mna haraka gani? Amalize kwanza mkataba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshauri hivyo."

"Wewe ndiye uliyemshauri?"

"Tunakaa muda mwingi, shoga. Baharini hakuna pa kwenda. Tunaongea."

Nikatabasamu. Mimi ni mtu wa kutabasamu. Hata mgeni akinitukana kaunta huwa natabasamu, halafu naenda kulia stoo. Siku ile sikwenda stoo.

Saa tisa alasiri alitoka kwenda sokoni kununua vitenge vya wenzake wa melini. Akaweka ufunguo wa chumba juu ya kaunta.

"Niangalizie begi langu," akasema.

Nililiangalia.

Nilichukua dumu lenye jina la Frank, nikaenda nalo jikoni. Nikaimimina asali yote ya Mzee Zaidi, baba yake Shamimu, kwenye sufuria. Nikaleta pombe ya baba mdogo, nikaichuja kwa kitambaa, nikaijaza ndani ya dumu lile. Rangi ilikuwa ileile. Nilipoliinamisha ilitembea vilevile, kama asali ya nyuki wadogo inavyotembea. Frank mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na darubini zake.

Da Chausiku, mpishi wetu, akaingia ananawa mikono.

"Asali ya nani hii yote?"

"Ya mgeni. Dumu lake linavuja."

"Mbona unatetemeka?"

"Njaa."

"Basi lamba," akacheka, akanipa kijiko. Nikalamba. Ilikuwa tamu mno, na nilimchukia kila aliyehusika nayo, kuanzia nyuki.

Halafu nikafunga kifuniko.

Hapa ndipo nimekuwa nikidanganya watu, hata padri. Huwa nasema nilisahau. Sikusahau. Kikaratasi cha baba mdogo kilikuwa juu ya meza. Nilikaza mpaka kiganja kikaniuma, nikazungushia utepe wa gundi, nikalivalisha mfuko wake, nikalirudisha juu ya nguo.

Nilijiambia nakaza ili isivuje. Nilijiambia itafika tu, Frank ataionja, atacheka, atainywa, na posa yetu itakuwa imetimia. Nilishika simu nikamwandikia: *Dumu lenye jina lako si asali, ni ya mzee. Lifungue taratibu.*

Ujumbe huo niliuandika. Sikuutuma.

* * *

Simu ilikuja kesho yake, Jumamosi, jua linazama. Shamimu alikuwa analia kiasi kwamba nilisikia jina langu tu.

"Janeth. Janeth. Ulifungua begi langu?"

"Hapana," nikasema.

Neno dogo. Lilitoka lenyewe, bila hata kunikwaruza.

"Limepasuka! Kwenye mkanda wa mashine, mbele ya watu wote. Limepiga kama bunduki, walinzi wakalala chini. Pombe, Janeth! Pombe imeruka mpaka kwenye kofia ya mkubwa wao. Wananiuliza ni nini, nasema asali. Wanacheka. Wanasema abiria wao husema ni dawa ya mdomo, huyu anasema ni asali."

"Pole, Shamimu. Wamekufukuza?"

Sikilizeni nilivyouliza. Sikuuliza kama ameumia.

"Walikuwa wameshachukua kitambulisho changu. Halafu Frank akateremka. Alikuwa ananisubiri juu, akaja mbio. Akainama, akanusa kile kitu, akanitazama. Akawaambia: 'Ni yangu. Mimi ndiye niliyeagiza, huyu hakujua kilichomo.'"

"Frank alisema hivyo?"

"Wamemteremsha, Janeth. Wamempa begi lake na nusu saa. Mimi wameniachia. Najaribu kuwaeleza hawataki kunisikiliza."

Simu ikakatika.

Mtu mwenye moyo mzuri angepiga magoti. Mimi mnanisifu kila wiki kwamba nina moyo mwororo. Nitawaambia moyo mwororo ulisema nini jioni ile. Uliuliza: kwa nini amemkingia kifua? Angekuwa ni mtu mwingine, angeshuka mbio vile?

Na chini kabisa, kama sauti ya mtoto, ukaniambia: lakini sasa hawako pamoja.

* * *

Jumapili saa nane mchana Frank alishuka stendi ya Korogwe na begi moja. Nilimpokea, nikampeleka kwenye meza ya nyuma ya gesti. Da Chausiku akaleta chai. Nikamwekea sukari vijiko viwili, akainywa yote, nami nikahesabu hilo kuwa ushindi.

"Nimekwisha, Janeth," akasema. "Jina langu limeandikwa. Hakuna meli itakayonichukua."

"Pole, mpenzi. Ilikuwaje?"

"Nilinusa tu nikajua. Harufu ya Dindira, siwezi kuikosea. Nikajiambia, Shamimu, mtu wa swala tano, amekubali kutubebea kitu hiki sisi. Kwa ajili ya posa yetu. Ningesimamaje pale nimwone anafukuzwa?"

"Lakini yeye anasema hakujua."

"Angesemaje? Alikuwa ananilinda. Angesema ni ya Frank, ningefukuzwa mimi. Alikubali kuonekana mwongo." Akatikisa kichwa. "Yule binti ana moyo, Janeth. Wangapi wangethubutu?"

Nikaangalia mezani.

"Watu wanasema mapenzi, mapenzi. Lakini mtu asiyekunywa, asiyehusika, akabeba mzigo wa wenzake namna ile? Sijawahi kuona."

"Ni kweli," nikasema.

"Nitamkumbuka mpaka nakufa."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi! Mimi ndiye niliyethubutu! Mimi niliyechuja, niliyejaza! Sifa zote zile zilikuwa zangu kama sifa zingeweza kukaa kwenye kitu kile. Na njia ya kumvua Shamimu taji lile ilikuwa moja tu, kusema ukweli, na ukweli ungenivua na mimi nguo.

Nikamwongezea chai.

Jioni hiyo nilimpigia baba mdogo nikiwa na hakika kwamba kila kitu kimeharibika. Pombe imemwagika, Frank hakuinywa, hana kazi.

"Hebu rudia," baba mdogo akasema. "Amefukuzwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya pombe yetu, baba."

"Akasema mbele ya hao watu kwamba ni yake?"

"Ndiyo."

Nikasikia anapiga paja. "Huyo ndiye mwanaume! Nilidhani tunaletewa mtu wa kubeba sahani. Anapoteza kazi ya dola kwa ajili ya pombe ya kwetu! Mlete Jumamosi. Atainywa hapahapa, mbele yangu, na kazi atapata. Chai haiishi kuchumwa."

Nililala usingizi mzito wiki ile. Sitawadanganya. Shamimu alinipigia mara nne. Sikupokea.

* * *

Jumamosi tulikaa sebuleni kwa baba mdogo. Wazee wanne wa ukoo, shangazi wawili, Frank katikati na shati jeupe, mimi pembeni kwenye mkeka na shangazi zangu. Pombe mpya ilikuwa kwenye chungu. Baba mdogo akachota kata ya kwanza, akamkabidhi Frank kwa mikono miwili.

"Hii haina mashine ya kuikagua," akasema, na wote wakacheka.

Frank akaishika. Akanitazama, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu chuo sikumwona Shamimu popote machoni mwake.

Ndipo tukasikia bodaboda inapanda kilima.

Aliyeshuka alikuwa mzee mwembamba, kanzu ameipandisha kwa mkono, matope mpaka magotini. Nilimjua. Alikuja siku ya mahafali yetu, akanipa na mimi zawadi kama alivyompa mwanawe. Mzee Zaidi wa Mazingara.

"Asalaam alaikum. Hodi wenyewe."

Baba mdogo hakuhitaji kuambiwa. "Karibu mzee. Hebu ondoeni hicho chungu, mgeni hawezi kuketi nacho." Shangazi wakakibeba uani. Frank akabaki na kata mkononi, hajui aiweke wapi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja gesti jana, mpishi akanielekeza huku." Akakaa. Alikataa chai, akaomba maji. "Sikuja kuharibu shughuli. Nina swali moja, kisha nirudi. Kijana, wewe ndiye Frank?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mzee."

"Uliagiza pombe kwa binti yangu?"

"Hapana, mzee. Nilisema vile ili asifukuzwe. Alinibebea kwa wema wake."

"Hakubeba." Mzee Zaidi alisema taratibu, kama anayepanga mizinga. "Ameshika msahafu mbele yangu akasema hakujua. Asali ile nilijaza mwenyewe, madumu mawili, nikafunga mwenyewe. Kule kwetu Mazingara sasa wanasema binti wa Zaidi ni msafirishaji wa pombe. Msikitini nikipita wananyamaza."

"Kwani Shamimu yuko wapi, mzee?" Frank akauliza. "Si yuko melini?"

"Yuko nyumbani tangu juzi. Hukujua?"

"Hapana!"

"Aliwaambia wakubwa wake kwamba wewe huna kosa, umejitwika la mwingine. Hawakumsikiliza. Akasema hawezi kukaa kwenye kazi aliyoachiwa kwa mtu mwingine kuonewa. Akaandika barua, akashuka Zanzibar."

Shangazi mmoja akasema, "Yesu wangu."

Frank aliiweka kata sakafuni polepole, asimwage.

Na mimi, pale mkekani, nikaona nilichokifanya. Frank alikuwa amepoteza kazi kwa ajili ya Shamimu. Naye Shamimu alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya Frank. Mimi nilikaza kifuniko kuwatenganisha, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuwafunga pamoja kama mimi.

"Begi lililala mahali pamoja tu njiani," Mzee Zaidi akasema. Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa rahisi zaidi. "Sishuku mtu. Nauliza tu, kama yupo anayejua, amsaidie mwanangu atembee barabarani."

Ningeweza kunyamaza. Nataka mjue hivyo. Hakuna aliyekuwa amenitaja. Kata ilikuwa sakafuni, imejaa, na Frank angeweza kuiokota.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia. Nikasimama.

"Ni mimi, baba. Niliimwaga asali yako jikoni, nikajaza pombe. Shamimu alikataa kuibeba. Alikwenda sokoni, mimi nikamwekea. Alinipigia akaniuliza, nikamkana."

Baba mdogo aliinuka, akakaa tena. Halafu, Mungu ambariki, akajaribu kuniokoa.

"Alifanya kwa ajili ya posa," akawaambia wote. "Mimi ndiye niliyemshinikiza. Nilimwambia masika yakiisha narudisha barua. Ni mtoto, alitaka mchumba wake ainywe. Ni mapenzi, mzee wangu. Tuombe radhi, tulipe kinacholipika, yaishe."

Frank alikuwa ananitazama. Niliona anaitaka sababu hiyo. Alikuwa anaisogelea, kama mtu anayesikia baridi anavyosogelea moto.

"Ni kweli, Janeth? Ulitaka inifikie tu?"

Kwa neno moja ningekuwa mke wake.

"Nilikuandikia ujumbe ulifungue taratibu," nikasema. "Sikuutuma. Na nililikaza. Nilijua litapasuka."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu. Nilitaka afukuzwe."

Hapakuwa na kelele. Mimi nilitegemea kelele. Mzee Zaidi aliinamisha kichwa akasema, "Alhamdulillah," kwa sauti ya mtu aliyetuliwa gunia. Akasimama, akanijia, na mimi nikafumba macho. Aliniwekea mkono kichwani.

"Umesema mbele ya wazee. Utakuja kusema Mazingara?"

"Nitakuja, baba."

"Basi." Akawageukia wenyeji. "Mniwie radhi. Bodaboda ananisubiri."

Frank akasimama pia. Akachukua koti lake kwenye kiti.

"Mzee, kuna nafasi?"

"Ya nani?"

"Yangu. Nataka niende nikamwone. Nilimsifu kwa kitu ambacho hakufanya, na alichofanya sikukijua."

"Frank," nikaita.

Aligeuka mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na uso wa mtu anayefikiri.

"Acha kwanza, Janeth," akasema.

Wakapanda watatu kwenye pikipiki moja, Mzee Zaidi katikati. Niliwaona mpaka kona ya mashamba ya chai, halafu nikawasikia tu.

Ndani hakuna aliyeketi. Shangazi walikuwa wamekirudisha chungu. Baba mdogo aliinama akaiokota ile kata iliyojaa, hakuna hata tone lililopungua, akaja nayo mpaka niliposimama.

"Haya, mama," akasema. "Barua ni yako na aliyeandika ameondoka. Nimwage, au nifunike?"